Nguo Nyeupe za Anele Vonoga

Kombati za Anele Vonoga hazikulala nyumbani kwao. Zilining'inia kwenye kibanda cha mvuke nyuma ya ghala la nyasi, pale ambapo familia huoga kila Jumamosi. Alipoitwa mazoezini, Anele alitoka mlangoni na sweta lake kama mtu anayekwenda kununua mkate, akavuka ua, akaingia kibandani, akatoka askari. Akirudi alifanya vivyo hivyo kinyume. Kwenye baridi kali alibadilisha nguo huku anarukaruka kwa mguu mmoja juu ya mbao zilizoganda. Mimi nilimngoja barabarani ndani ya gari, injini inanguruma, na mara nyingi nilimwona baba yake, Broņislavs, amesimama dirishani akitazama upande mwingine.

Amri ilikuwa ya huyo baba. Alichukuliwa na jeshi la Wasovieti akiwa na miaka kumi na tisa, enzi ambazo hakuna aliyeulizwa kama anataka, wakampeleka Afghanistan. Aliporudi alikunywa supu ya kabichi kwa mama yake, kimya, halafu akabeba sare yake yote, koti, mkanda, hadi mabuti, akairundika uani, akaimwagia mafuta ya taa na kuiwasha. Nilikuwa kijana mdogo bado, lakini harufu ya yale mabuti naikumbuka. Kijiji kizima kilifunga madirisha. Siku ile alisema nguo ya jeshi, iwe ya nchi yoyote, haitavuka tena kizingiti chake. Aliyoyaona huko hakumsimulia mtu. Hata mkewe, Tekla, alikufa bila kuambiwa.

Anele alikuwa mtoto wao pekee. Aliolewa Rīga, ndoa ikamshinda, akarudi kwa baba, akapata kazi ya kuendesha lori la maziwa. Kila asubuhi alizunguka mashamba yetu ya huku Latgale, mashariki mwa nchi, akifyonza maziwa kwenye matangi ya watu, na kila mkulima alimjua kwa honi yake. Alikuwa mrefu, mwenye mabega ya kazi, na hakuwa na haraka na jambo lolote.

Warusi walipovamia Ukraine, alinikuta karakanani kwangu napiga randa fremu za mizinga ya nyuki. Akasimama mlangoni hajavua hata glavu.

"Jezups, huko kwenu walinzi wa akiba mnachukua wanawake wa umri wangu?"

"Tunachukua hata vikongwe kama mimi."

"Basi niandikishe."

"Baba yako atanitoa roho."

"Vizuri. Akianza na wewe, mimi nitapata nafasi ya kukimbia."

Alicheka, lakini macho hayakucheka. Kutoka kijijini kwetu hadi mpaka wa Urusi ni safari ya kumaliza kikombe kimoja cha chai ukiwa njiani. Sote tulikuwa tumeanza kulala tukiwa tumetega sikio.

Ugomvi wa jioni ile alinisimulia mwenyewe baadaye. Baba alikuwa anamenya viazi.

"Nani kakulazimisha?" aliuliza.

"Hakuna, baba."

"Hapo ndipo unaponishinda. Mimi nilibebwa kama ng'ombe. Wewe umekwenda kwa miguu yako."

"Wakija, unataka nikae jikoni niwachemshie viazi?"

"Nataka ukae hai, mpumbavu wewe!" Akatupa kisu kwenye beseni. "Hiyo nguo sitaki kuiona humu. Umesikia? Humu ndani hapana."

Ndiyo maana kombati zikahamia kibandani.

Miaka ya tisini, nilipojiunga mimi, hatukuwa na nguo zetu. Koti la Waswidi, suruali ya Wajerumani, kofia ambayo hata Mmarekani aliyeitoa hakuikumbuka. Tukipanga mstari tulionekana kama watu waliokutana kwenye soko la mitumba. Sasa tuna sare yetu wenyewe, ya vijimraba vidogo vya kijani, kahawia na kijivu, iliyobuniwa kwa misitu yetu ya misonobari na ardhi yetu yenye ukungu. Mtu akikaa kimya penye kangaga na magogo yaliyooza, unampita. Theluji ikianguka tunavaa juu yake vazi la kitambaa chepesi cheupe, suruali na koti lenye kofia, tunafunika shanta kwa kitambaa cheupe, na bunduki tunazizungushia utepe mweupe.

Anele aliichukulia kazi ya kujificha kama wengine wanavyochukulia ushonaji. Aligundua kwamba sabuni ya dukani inalifanya vazi jeupe ling'ae kuliko theluji yenyewe, kwa hiyo lake alilifua kwa maji matupu hadi likawa na rangi kama ya maziwa yaliyotiwa maji. Na alijua kutulia. Sajenti wetu, Ruskule, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kukwaruza, alipita kumtafuta kwenye zoezi la kwanza la majira ya baridi akamkanyaga mkono, akaendelea kutembea akifoka, "Vonoga! Yuko wapi huyu Vonoga?" Anele hakutoa hata mguno. Tulicheka hadi Ruskule mwenyewe akacheka.

Sasa nieleze siku ya ziwani.

Ilikuwa Machi, mwezi mbaya kwa barafu. Kikosi chetu kilipewa kazi ya kulinda ufuko wa Ziwa Murāni. Kikosi cha wilaya nyingine kilikuwa adui wa mazoezi, na walikuwa na pikipiki za theluji. Tulijua wangejaribu kukatiza ziwani. Mimi na Anele tuliwekwa mbele kabisa, kwenye matete, tukiwa na darubini, redio na kigari chetu cha kuburuta juu ya theluji, chenye kamba ndefu. Kazi yetu ilikuwa kuona, kuripoti na kutoonekana. Sajenti alituambia kabla ya kuondoka, "Mkijulikana ninyi, tumejulikana wote. Hata chafya mezeni."

Palipopambazuka theluji mpya ilikuwa imefunika kila kitu, na ukungu umekaa juu ya ziwa kama mtu aliyekataa kuondoka. Tulilala kifudifudi bega kwa bega. Tulikula mkate mweusi na mafuta ya nguruwe ya kukaushwa moshini bila kuinua vichwa. Miguu yangu ilikuwa imekufa ganzi zamani. Kisha tukasikia hatua, krach, krach, na kitu kinachoburutwa.

Hakuwa adui. Alitokea kwenye ukungu mtu mmoja mwenye koti zito la kuvulia samaki, kofia ya manyoya, keekee ya kutobolea barafu begani na sanduku la mbao analoliburuta kwa kamba. Nilimtambua kwa mwendo, bega moja chini kidogo. Nilihisi Anele amekakamaa pembeni yangu.

Broņislavs alipita karibu yetu kiasi kwamba ningeweza kumshika kifundo cha mguu. Hakuona kitu. Alisimama hatua chache mbele, akageuza sanduku, akalikalia, akawasha sigara. Akaanza kuzungumza. Mwanzoni nilidhani ameongozana na mtu.

"Ukungu mzito leo, Tekla," alisema. "Samaki watakuwa wamelala."

Alikuwa anaongea na mkewe, marehemu.

"Binti yako bado yuko huko na wale watu wake. Juzi nimemwona anavuka ua na soksi zimetoboka kisigino. Nikataka kumwita. Sikumwita. Wewe ndiye uliyekuwa unajua kusema naye. Mimi nikifungua mdomo, kinatoka kitu kingine." Akavuta sigara. "Naogopa, Tekla. Gari likipita barabarani siwezi kulala mpaka nisikie limekwenda mbali. Nikimwona na ile nguo nakosa pumzi. Nitamwambiaje?"

Uso wa Anele ulikuwa umefunikwa kwa kitambaa cheupe. Niliona macho tu, na hayakupepesa. Pumzi yake ilisimama, kisha ikatoka kidogo kidogo kupitia kitambaa. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Mtu asisikie maneno kama yale kwa kuvizia.

Mzee akatupa kichungi cha sigara, akanyanyuka, akafunga kamba ya sanduku, akaenda zake. Hakwenda kulia, walipozoea kukaa wavuvi. Alielekea kushoto.

"Anakwenda upande wa chemchemi," Anele alinong'ona.

"Ziwa hili analijua kuliko sisi."

"Analijua la Januari. Hili ni la Machi, chemchemi imeshaila barafu kwa chini, tena limefunikwa na theluji mpya. Haoni rangi ya barafu."

Ukungu ulikuwa umeshamlamba hadi kiunoni. Kwa mbali, ng'ambo ya ziwa, tulisikia injini zikiwashwa: pikipiki za adui. Zilikuwa zinakuja, saa ileile tuliyokuwa tumeingojea tangu usiku. Nilishika redio. Anele aliniangalia.

"Namwita," alisema. "Sajenti atanifanya anavyotaka."

Akajiinua kwa viwiko. Alikuwa amefungua mdomo tayari. Ndipo barafu ilipolia.

Aliyewahi kuisikia hawezi kuisahau. Mlio wake si kama wa kioo. Ni sauti nene inayopita chini yako kama lori linalopita chini ya sakafu. Halafu ukaja mshindo wa maji, halafu kimya. Hakupiga hata ukelele. Kilichobaki juu ya weupe ule ni alama moja nyeusi, kofia ya manyoya, na kando yake mkono.

Anele alikuwa ameshasimama anakimbia. "Kamba!" alipiga kelele. "Jezups, kamba ya kigari!"

Nilifungua kamba kwa vidole visivyosikia. Nikaisemea redio, "Hili si zoezi. Narudia, hili si zoezi. Mtu amezama Murāni, upande wa chemchemi." Sajenti akajibu, "Nakuja," neno hilo tu. Bunduki yangu niliiacha kwenye matete.

Nilipomfikia Anele alikuwa amelala chini kwa tumbo, miguu ameitanua. Barafu mbele yake ilikuwa na rangi ya majivu kila mahali theluji ilipofutika.

"Mimi nakwenda," nilisema.

"Na hilo tumbo? Litatuzamisha wote watatu. Nifunge."

Nikamfunga kamba kiunoni. Nikajizungushia upande wa pili mgongoni, nikachimba visigino kwenye theluji, nikakaa. Akaanza kutambaa. Kila alipoegemeza mkono, maji yalitokeza pembeni ya kiganja chake. Nilimwachia kamba taratibu, na kila mara barafu ilipolia nilifumba macho kama mtoto.

Mzee alikuwa ameshika ukingo kwa viwiko. Wavuvi wetu huvaa shingoni misumari miwili ya kujivutia wakizama. Yake ilikuwa ndani ya sanduku, na sanduku lilikuwa limeshuka. Koti limejaa maji, linamvuta. Aliinua kichwa akaona kitu kinamjia. Sasa fikirini alichokiona: hakukuwa na uso, hakukuwa na mikono. Palikuwa na kipande cha theluji kinachotambaa.

Akapiga kelele, kwa Kirusi, "Usisogee! Usisogee, nitapiga!"

Akaachia ukingo kwa mkono mmoja na kuurusha mbele kama mtu anayejikinga. Kichwa kikazama, kikarudi.

"Baba! Ni mimi!"

"Nitapiga!"

Anele akashusha kitambaa usoni kwa meno na kidole gumba. "Baba, nitazame! Ni Anele! Anele wa Tekla!"

Niliona yule mzee akitulia. Akasema kwa lugha yetu, kwa sauti ndogo kabisa, "Unafanya nini hapa? Ondoka, utazama."

"Nyamaza. Shika mkono."

Mkono wa Anele haukumfikia. Alivua bunduki mgongoni, akaisukuma juu ya barafu, kitako mbele. Mzee aliitazama ile bunduki. Nadhani ilikuwa ni muda wa kuvuta pumzi, lakini kwangu ulikuwa mrefu kama misa ya Pasaka. Kisha akaikamata kwa mikono yote miwili.

"Jezups, vuta!"

Nilivuta. Kifua cha mzee kilipanda ukingoni, ukingo ukakatika, akarudi majini. Nikavuta tena. Ukakatika tena. Mara ya tatu bunduki iliwaponyoka wote, ikateleza, ikatumbukia. Anele alikuwa ameshamdaka baba yake kola, mikono yake imezama hadi viwikoni.

"Nimemshika!" alipiga kelele. "Siwezi kumtoa, lakini nimemshika! Usilegeze!"

Hivyo ndivyo tulivyokuwa, mnyororo wa watu watatu, hakuna anayeweza kusogea wala kuachia, wakati sauti ya injini ilipobadilika. Haikuwa ya mbali tena.

Wale adui walikuwa na redio za kwao. Maneno yangu hayakuwafikia. Walijua tu kwamba ukungu umewapa bahati, na wakaamua kukatiza ziwa kwa kasi yote. Niligeuza shingo. Taa moja ya njano ilitokea kwenye ukungu, halafu pua ya pikipiki ya theluji, inatujia moja kwa moja. Nilipiga kelele hadi koo likawaka. Nani angesikia? Injini ile ingefunika hata kengele za kanisa. Na kuona, waone nini? Sisi sote wawili tulikuwa weupe kuanzia kofia hadi mabuti. Tulikuwa tumeifanya kazi yetu vizuri kupita kiasi. Mzee peke yake ndiye aliyevaa nguo nyeusi, naye alikuwa chini ya usawa wa barafu.

Uzito ule ungefika pale tulipo, wala wasingehitaji kutukanyaga. Barafu ingefunguka, basi.

Mikono yangu yote ilikuwa kwenye kamba. "Anele!" nililia. "Wanakuja! Hawatuoni!"

Hakugeuka. Nilimwona akiuma kola ya lile vazi jeupe kwa meno, akiwa bado amemshika baba yake kwa mkono wa kulia. Kwa mkono wa kushoto alivuta. Vifungo viliruka. Kitambaa kikapasuka begani, akakivuta kikamtoka mkono mmoja, kikabaki kinaning'inia upande wa pili. Chini yake ikatokea ile kombati ya msituni, kijani na kahawia, imelowa ikawa karibu nyeusi. Akajiinua kwa magoti, juu ya barafu ile, akainua mkono uliovaa kijani na kuupunga.

"Lala chini! Itakatika!" nilipiga kelele.

Hakulala. Alipunga.

Yule dereva, kijana mmoja aitwaye Kristers, alinieleza baadaye kwamba aliona ziwa tupu, tupu, tupu, halafu ghafla mbele yake kisiki kimeota ziwani, na kisiki kina mkono. Alikata usukani. Pikipiki ilikwenda ubavu, ikaturushia ukuta wa theluji, ikapita upande wa kulia kwangu karibu mno, nilisikia joto lake. Barafu ililia kutoka ufuko mmoja hadi mwingine. Maji yakanifika makalioni. Lakini haikufunguka.

Kristers akaruka chini. "Mmechanganyikiwa nyie?" alianza kufoka, "Mnajificha katikati ya…" Akaona kamba. Akaona kichwa majini. Kijana wa watu akalala kifudifudi palepale alipokuwa amesimama, na wenzake wakafanya vivyo hivyo, wakatambaa na kamba ya pili. Sajenti Ruskule alikuja na mbao ndefu kutoka kwenye gati la wavuvi. Kwa pamoja tulimtoa Broņislavs kama samaki mkubwa aliyekwisha kuchoka. Midomo yake ilikuwa ya bluu na hakutetemeka tena, na sisi watu wa baridi tunajua kuacha kutetemeka ni dalili kwamba kifo kimekaribia.

Anele alimlalia juu ya kigari, akamkumbatia, akakataa kushuka. Gari la wagonjwa liliwachukua hivyohivyo kwenda hospitali ya Rēzekne, binti juu ya baba.

Moyo wa mzee ulisimama njiani mara moja, wakaurudisha. Siku mbili hatukujua kama atapona. Anele alikaa kwenye kiti cha korido, mikono imefungwa bandeji. Vidole viwili vya mkono wa kulia, ule uliokaa majini umeshika kola, baridi ilikuwa imekula ncha zake, na madaktari wakazikata. Nilimletea chai. Nikasema ovyo.

"Ruskule anasema adui ameshinda zoezi."

"Hongera zake," alisema, akaegemeza kichwa ukutani.

Broņislavs alipopata fahamu aliomba nikae nje, lakini mlango haukufungwa vizuri, na yeye mwenyewe baadaye aliniruhusu kuyasema haya. Alimwambia binti yake kwamba huko milimani Afghanistan kulikuwa na theluji vilevile, nao walivaa mavazi meupe vilevile. Asubuhi moja aliwekwa lindo juu ya njia ya mlimani. Aliona kitu cheupe kinatambaa kuja kwake. Akatoa amri ya kusimama. Hakikusimama. Akapiga. Alikuwa Genadijs, mvulana wa Vitebsk waliyelala naye hema moja, anarudi doria, amejeruhiwa mdomo, hawezi kujibu.

"Nilimgeuza nikashusha kile kitambaa," alisema. "Ndipo nikamwona."

Kisha nilimsikia Anele, "Kwa nini hukuwahi kutuambia?"

"Ningewaambia wakati gani? Tukila?"

"Hata tukila, baba."

Nikaondoka mlangoni pale.

Kuhusu jeshi, yalikuwapo maswali. Bunduki ya serikali kuwa chini ya ziwa si jambo la kucheka. Wazamiaji waliipata kwenye tope, na Anele akaitwa kujieleza mbele ya maofisa watatu. Mmoja alimuuliza kwa nini aliitumia silaha kama fito. Alijibu kwamba hakuwa na fito. Suala likaishia hapo. Na katika kikosi chetu Ruskule aliagiza kila vazi jeupe lishonewe ndani, chini ya pindo, kipande cha kitambaa cha rangi ya chungwa cha kuvuta kwa mkono mmoja. Vijana wapya wanakiita mkia wa Vonoga, na kuna wanaodhani Vonoga ni jina la kiwanda.

Anele aliongeza mkataba wake. Sikumuuliza kama baba alikubali. Najua alimwambia, na najua mzee alitoka nje akapasua kuni hadi giza.

Ila majira ya vuli lilitokea jambo ambalo sikulitarajia. Kwenye ukumbi wa parokia kina mama hukutana Jumamosi kufuma nyavu za kujificha zinazopelekwa Ukraine. Wanatundika wavu mkubwa kwenye fremu na kufunga vipande vya nguo kuukuu, kimoja kimoja. Mimi ndiye niliyewatengenezea fremu. Jumamosi moja mlango ulifunguliwa akaingia Broņislavs na fimbo yake. Akausogelea wavu, akaukagua kama mtu anayenunua farasi.

"Nani kaweka kijani hiki?" aliuliza.

"Mimi," akasema Veronika, mwalimu mstaafu. "Kina nini?"

"Ni kijani cha pazia la jikoni. Msitu gani una rangi hii?"

"Kama unaujua zaidi, keti ufume."

"Kwani nimekuja kucheza dansi?"

Akavua koti, akaketi. Tangu hapo hakosi. Anabishana na kila mtu kuhusu rangi, anaturudisha tufumue, na kina mama wamemchoka ila siku akichelewa wanaulizana yuko wapi. Nilimuuliza mara moja kwa nini amekubali kazi hii wakati ya jeshi hataki hata kuisikia. Alinitazama kama mtu aliyeuliza ujinga.

"Wavu haupigi mtu," alisema. "Unamfunika. Basi."

Wiki iliyopita Anele alikuja moja kwa moja kutoka kwenye lori, ananuka maziwa, akakaa karibu naye. Vile vidole vifupi havimudu fundo dogo; kitambaa kilimponyoka, kikamponyoka tena. Mzee alikuwa anamwangalia kwa pembe ya jicho.

"Leta," alisema.

"Naweza."

"Sijasema huwezi. Unachelewesha msitu."

Anele akampa kitambaa cha kahawia. Mzee akafunga fundo, akanyoosha mkono kuomba kingine, na binti akaanza kumpangia rangi.

"Hiyo hapana," alisema mzee. "Nyeusi zaidi. Bado. Ndiyo, hiyo."